Kuku wa Duka la Zamani

Majira ya baridi yaliyopita nilimpeleka mama yangu kliniki ya macho, na pale kwenye viti vya kungojea, baina ya watu waliofunikwa jicho moja moja, nikamwona mwanamume mwenye ndevu za mvi, kofia yake nyeusi ameiweka magotini. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza. Alisimama, akaniita jina langu, Zuwena, na mikono yake akaiweka nyuma. Yangu nami nikaiweka nyuma. Wanaume wa namna yake hawampi mkono mwanamke asiye wao, na kwetu wako wajomba wa namna hiyo hiyo, kwa hiyo hapakuwa na aliyeona kadharauliwa. Alikuwa Dovid, mjukuu wa Bi Ester. Aliniambia kwamba bibi yake alikufa zamani, katika nyumba ya wazee kule Hendon, nami nikasema innalillahi kwa sauti, watu wakageuka, na nikaona haya, si kwa ajili ya watu bali kwa kuwa miaka yote hiyo sikuwahi hata kuuliza. Tulizungumza mpaka mama akatolewa, macho yamempanuka kwa dawa, akawa anataka kujua huyu sharifu ni nani. Aliyonambia Dovid siku hiyo nitayasema yatakapofika mahali pake. Niliporudi nyumbani niliweka sufuria jikoni, nikawasha moto, nikasimama mbele yake bila kutia kitu ndani.

Mwaka ninaousema ni ule ambao kila niliyemjua Landani alikuwa anajiunga na mtandao wa marafiki. Kabla ya hapo, mtu akila kitu, amekula. Baada ya hapo, mtu hakuwa amekula mpaka ameonyesha picha. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, naishi na mama Ilford, natunza wazee majumbani mwao, na nilikwishawachoka wazee wa kuangalia televisheni tangu asubuhi na kunipa biskuti zilizolegea. Ndipo ejensi iliyoniajiri ikanipeleka Gants Hill, kwa ajuza mmoja wa Kiyahudi aliyevunjika nyonga na kuunganishwa, anayehitaji mtu wa kumshika mkono bafuni na kumnyanyulia vyungu jikoni. Yeye mwenyewe alitaka nimwite Ester. Mdomo ulinikatalia, mtu wa umri wa bibi yangu nimwite hivyo kama mwenzangu wa shule, basi nikawa namwita Bi Ester. Aliniuliza hiyo Bi ni nini, nikamwambia ni heshima, kwetu anaitwa hivyo mwanamke mwenye nyumba yake. Akaipenda. Siku ya pili nilimsikia kwenye simu anajisifia kwa shoga yake kwamba ana msichana kutoka Zanzibar na kwamba amepewa cheo.

Jiko lake lilikuwa majiko mawili ndani ya moja, kwa kuwa dini yao haichanganyi nyama na maziwa. Sinki la nyama na sinki la maziwa, droo ya huku na droo ya kule, vitambaa vyekundu vya kufutia vya nyama na vya buluu vya maziwa, na sufuria ambazo katika maisha yao hazikuwahi kukutana. Kwenye rafu mitungi ya matango ya siki, juu ya friji redio ambayo haikuzimwa ila Sabato, na dirishani chungu cha maua ya geraniamu kilichokuwa na vijiko viwili vimechomekwa udongoni. Nilidhani vinashikilia shina. Wiki ya kwanza nilimkorogea chai ya maziwa, chai ya mama yangu ya iliki, kwa kijiko kilichotoka droo ya nyama. Hakunigombeza. Alikitoa kijiko kikombeni, akakitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyechafuka, akaenda nacho kwa kigongo chake mpaka dirishani na kukizamisha kwenye udongo pamoja na wenzake. Mama yake alifanya hivyo, akaniambia, na rabi wa siku hizi atasema si sheria, lakini yeye kijiko chake kitakaa humo mpaka moyo wake utulie. Nilicheka, akadhani namcheka. Nikamweleza kwamba kwetu chombo kikirambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumbani mwake. "Basi wewe unajua," akasema. Tangu hapo aliniachia jiko.

Nilikula kwake. Nalisema hili wazi kwa sababu mwaka ule liliulizwa sana. Nilikula supu yake ya kuku na madonge ya unga wa mkate mkavu, maini yaliyosagwa na vitunguu vya kukaanga mpaka vyeusi, na samaki baridi mwenye sukari, ambaye Mwenyezi Mungu anisamehe sikuweza kumzoea. Mama alikuwa ameshatoa uamuzi wake. Nilimsikia siku moja kwenye simu akimjibu mjomba wangu wa Hounslow, ambaye ndevu zake zilikuwa zimeanza kurefuka na maswali nayo, na mama hakujua kama nimo ukumbini. "Kuku wa Mayahudi kachinjwa kwa jina la Mungu," alikuwa anasema. "Huyo wa mkahawani unompa weye wanao kwenye ndoo ya karatasi, kachinjwa kwa jina la nani?" Mjomba lazima alisema kitu, kwa sababu mama alikata simu, na alipokuja tena kwetu, mjomba alikunywa maji tu, na hata maji aliyanywa kwa mashaka.

Kwa Bi Ester vilevile palikuwa na mtu wa maswali. Dovid alikulia katika nyumba iliyoshika dini kama bibi yake alivyoishika: sahani mbili, mishumaa Ijumaa, sinagogi Jumamosi, lakini televisheni iliyowekewa saa ijiwashe yenyewe wakati wa habari, maana Sabato hawawashi kitu. Baada ya nyama walingoja masaa matatu kabla ya maziwa, kwa sababu baba yake Bi Ester alingoja masaa matatu. Kisha Dovid akaenda kusoma chuo cha dini ng'ambo, akarudi na kofia na mke anayeitwa Shira, na yeye akawa anangoja sita. Hakuwa mkali wa maneno. Alikuwa kijana mpole mwenye macho ya usingizi, na nadhani upole wake ndio uliomuumiza bibi yake zaidi, kwa kuwa mtu hawezi kugombana na anayekuomba radhi huku anasukuma sahani. Nilikuwa jikoni nakausha vyombo siku walipolizungumza ukumbini, mlango wazi. Tatizo lilikuwa nyama. Kuku wa Bi Ester alikuwa kosher, halali ya Kiyahudi, ana muhuri wa marabi, lakini marabi wa Dovid walitaka muhuri mwingine, ulio mgumu zaidi, kutoka bucha za upande wa kaskazini. Bi Ester aliuliza kama marabi wake yeye, waliomfungisha ndoa na kumzika mumewe, walikuwa wezi. Dovid akasema hapana, Buba, kama wajukuu walivyomwita bibi yao, hakuna aliyesema hivyo. Kisha nikasikia sauti ya bibi, ndogo, inauliza: akinunua huko kwao, watakuja kula Ijumaa? Dovid akasema watakuja kila Ijumaa.

Na walikuja. Bi Ester alikuwa na mtoto mmoja tu, aliyehamia Australia, na wajukuu wawili, Dovid na dada yake Leah, na hiyo meza ya Ijumaa ndiyo iliyokuwa umri wake wote uliobaki. Kuanzia Jumatano alikuwa ananiuliza hali ya hewa ya Ijumaa kama atasafiri yeye. Leah alikuja anapojisikia, amevaa suruali, anakula kila alichopewa na vingine alivyokula huko nje ni bora asiulizwe. Lakini Dovid alikuja bila kukosa, na baadaye Shira akaja na tumbo, kisha na mtoto. Kuku akawa analetwa kwa gari kutoka kaskazini. Tatizo ni kwamba kuku huyo Bi Ester hakumpenda. Alikuwa mkavu, hana mafuta, supu yake alisema ni maji yaliyotembelewa na kuku. Juma la nne au la tano akanituma kwa bucha wake wa zamani, duka la pembeni alikonunua tangu ana meno yake yote, nikalete kuku mmoja mnono. Nilimtazama. Akasema kwa kunong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu nyumbani, kwamba kuku ni yule yule, kisu ni kile kile, Mungu ni yule yule, na kilichobadilika ni karatasi. Mimi sikuwa mtu wa kumsomesha dini yake. Nikaenda, na nikawa naenda kila Alhamisi, na Dovid akawa anaomba kuongezwa supu.

Picha niliipiga mwenyewe. Bi Ester alikuwa amenifundisha kufinyanga yale madonge, kazi inayotaka mkono wenye maji na moyo usio na haraka, na Ijumaa moja mchana yakanitokea: mepesi, ya duara, yanaelea. Nilifurahi kama mtoto. Nikaichukua kamera yangu ndogo, nikamwita Bi Ester asimame na mwiko, nikapiga, na jioni nikaiweka mtandaoni na maneno ya kujisifu, kwamba sasa nimehitimu. Nilitaka wenzangu niliosoma nao waone, nilitaka binamu zangu waone kwamba Zuwena kazini hashiki mabeseni tu. Leah alikuwa rafiki yangu mtandaoni, ndiye aliyenisajili. Nyuma ya bega la Bi Ester, kwenye meza, ilikuwepo karatasi ya kuku na kibandiko cha bucha kimeelekea kamera vizuri kabisa, maandishi yake mekundu yanasomeka. Mimi nilijua kibandiko kile kina maana gani. Katika nyumba nzima tulijua watu wawili tu. Nilikitazama kwenye picha na sikukiona, kwa sababu nilikuwa nayatazama madonge yangu.

Kwanza waliandika watu wetu. Wako waliosema mashaallah, wako waliouliza kama hiyo ni halali, na mmoja niliyekuwa sijamwona tangu darasa la pili akanisomea aya. Haya niliyatarajia. Kisha Leah akaandika kwa mzaha, maana Leah kila kitu kwake kilikuwa mzaha, kwamba kumbe Buba karudi kwa bucha wa zamani, na kwamba asiambiwe Dovid. Akaweka na kicheko. Wenzake wakacheka chini yake, mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao alikuwa anafanya kazi ofisi moja na Shira. Jumapili niliyaona, nikaifuta picha, na nikajidanganya kwamba kilichofutwa kimefutwa.

Jumatatu walikuja wawili, Dovid na Shira, bila mtoto. Bi Ester alikuwa hana habari na mambo ya mitandao. Aliwafungulia kwa furaha, akidhani wamemkumbuka. Shira alibaki mlangoni mwa jiko na koti lake. Hakuwa mwanamke mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu, na baadaye nilielewa kwamba mama yake na dada zake walikuwa wamekwisha kumpigia simu, wote, wakitaka kujua ni kitu gani alichokuwa anakula na kunyonyesha. Dovid aliongea akitazama sakafu. Alisema watu wameona picha. Alimuuliza bibi yake, kwa sauti ambayo hata mimi niliyesimama karibu niliisikia kwa taabu, kama ni kweli kuku alitoka duka lile. Bi Ester alishika ukingo wa sinki la nyama. Alimtazama mjukuu wake, akamtazama Shira, kisha akanitazama mimi, na kabla hajafungua mdomo nilijua.

"Ni msichana," akasema. "Yeye ndiye anayenunua. Kwao hawajui mambo haya, kwake bucha ni bucha. Nilipaswa kumwangalia."

Nilikuwa nimeshika kitambaa chekundu. Dovid akanigeukia, na mara ile moja tu akanitazama usoni.

"Ulinunua wewe?"

"Nilinunua mimi," nikasema.

Lilikuwa kweli, kila neno, na hiyo ndiyo iliyokuwa hila yake. Bi Ester hakuinua kichwa. Nimeshaona haya nyingi duniani: nimepitwa na treni niliyoahidi mtu kuipanda, nimeanguka sakafuni harusini, nimesahau jina la baba mkwe wangu. Haya ya siku ile ilikuwa ya namna nyingine. Nilitahayari kwa ajili yangu, kwamba mbele ya watu waliochunga kijiko nimefanywa mtu asiyejua halali na haramu. Nilitahayari zaidi kwa ajili yake, kumwona mwanamke niliyempa cheo akijikinga nyuma ya mfanyakazi. Na chini ya hizo mbili palikuwa na ya tatu, kwamba picha ilikuwa yangu. Dovid alisema si kitu, makosa hutokea, na kwamba kuanzia leo nisiende tena kununua nyama. Walipoondoka Bi Ester alikwenda chumbani kwake, akafunga mlango, na mimi nikakausha vyombo vilivyokwisha kukauka.

Nilimwambia mama. Alikuwa anachambua mchele, akaacha.

"Kasema weye hujui?"

"Ndo alivosema."

"Na weye ukanyamaza kimya? Mwanangu mie, niliyekulea nkikuosheza mikono mpaka inakauka?"

Nilimwambia kwamba ningesema kweli, wale wasingekuja tena Ijumaa. Mama alirudi kwenye mchele wake. Baadaye, bila kunitazama, akasema kwamba kama ndiyo hivyo basi nimefanya vyema, lakini yeye kwa ajuza yule mguu wake hautakanyaga. Haukukanyaga.

Sasa ndipo mahali pa maneno ya Dovid. Kule kliniki nilimwambia, baada ya miaka yote hii, kwamba si mimi niliyechanganya maduka, kwamba nilijua vizuri nanunua nini na kwa nini. Nilidhani nampa habari. Akaitazama kofia yake magotini, akasema alijua. Nikadhani ananiambia alijua siku ile jikoni. Hapana, akasema, alijua kabla. Kijiko cha kwanza tu cha supu, Ijumaa ya kwanza ya kuku wa duka la zamani, kilimwambia, maana ndiyo supu aliyokulia, na kuku wa kaskazini hana supu ile. Alikula miezi mitano akijua. Alikuwa amepata njia ya kutojua, akanambia, na ilikuwa njia nzuri: yeye hakuuliza, bibi hakusema, na kila mtu alishiba. Picha ilipotoka, mkewe alijua, na mama mkwe, na mtaa, na wakati huo asingeweza tena kutojua. "Nilimuuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo," akasema. "Nikamfanya mwanamke wa miaka themanini aseme uongo mbele yangu, na nikamfanya akusingizie wewe." Tulikaa pale watu wazima wawili, kila mmoja ameibeba haya yake kama mzigo ambao hakuna anayejua pa kuutua. Miaka yote nilikuwa nimemhukumu bibi yake kwa dakika moja ya woga. Sikuwahi kuhesabu kwamba aliyewasha taa ndani ya chumba kile, ambamo watu watatu walikuwa wamekubaliana na giza, nilikuwa mimi.

Ijumaa iliyofuata walikuja. Bi Ester alikuwa amenituma kuwauliza mara mbili kama watakuja, na walikuja, Dovid na Shira na mtoto, na Leah naye akaja, bila mzaha. Walibeba mfuko. Wakati Bi Ester anawasha mishumaa na kufunika macho, Shira alitoa kwenye mfuko sahani za karatasi, uma za plastiki, na chakula chao kilichofungwa foili mara mbili, akavipanga juu ya kitambaa cheupe cha meza kwa adabu kubwa, akijitahidi visigonge kitu. Jiko la bibi lilikuwa limeshaingia shaka, vyungu vyake pia, na shaka haioshwi kwa sabuni. Leah alisema hana njaa, amekula kazini. Nadhani alikuwa anajiadhibu. Dovid alisoma dua juu ya divai waliyokuja nayo, kwa sauti yake nzuri, na wote wakakaa.

Bi Ester akaniambia nilete supu. Nilikiweka chungu kizima mezani, kama desturi, na yeye akasimama kwa kigongo chake na kuchukua upawa. Aliutazama mzunguko wa meza, foili, karatasi, mikono ya watu imelala magotini, kisha akanipakulia mimi. Bakuli la wageni, lenye ukingo wa dhahabu. Mara nyingine zote nilikula jikoni, mlango wazi. Alinivutia kiti karibu yake, nikakaa, na pakawa hakuna mlio wowote mezani ila kijiko changu.

"Chumvi iko sawa?" akaniuliza, mbele yao wote.

Alikuwa ametia mara mbili. Mikono yake siku hiyo haikuwa mizuri, na kuku wa kaskazini huja ameshakolea chumvi toka bucha. Ilikuwa haimezeki.

"Iko sawa, Bi Ester," nikasema, nikamaliza bakuli, na nikaomba jingine.